Noti ya Elfu Mbili

Deli langu la kwanza lilikuwa la boksi jeupe,
lile la samaki, linalomeguka kama mkate wa juzi.
Barafu ya saa mbili asubuhi
ilikuwa maji kabla ya adhuhuri,
na ukwaju wangu ukanunuliwa na wenye huruma tu.
Mmoja pale Mabibo Mwisho alikunywa nusu,
akanirudishia chupa:
"Mama Tatu, hii juisi au uji?"

Siku arobaini nikatia elfu moja moja
kwenye kopo la maziwa, wifi yangu Kidawa shahidi.
Februari, Jumatatu, nikashuka Kariakoo,
jua limekaa juu ya bati kama mdai.

Nurdini kayapanga madeli mpaka darini.
Akaanza na la bei, kama kawaida yao:
"Hili barafu siku tano, dada. Siku tano!"
Laki mbili na sitini.
Kwani nahifadhi maiti?
Mimi barafu naitaka mpaka saa kumi na mbili,
mafundi wa gereji wakishanawa grisi.
Siku nyingine nne nizipeleke wapi?

Akashusha la pinki, lina maua na magurudumu.
Elfu thelathini.
Nikaligonga kwa kifundo cha kidole,
likaitika ko, ko,
kama nyumba iliyohamwa.
Ukuta mtupu, hewa imepanga humo bila kodi.

Kidawa alifagia zahanati miaka sita,
akiwaona manesi na visanduku vyao vya chanjo.
Aliniambia: kifuniko ndicho deli,
mengine yote ni sanduku.
Basi nikatoa noti ya elfu mbili,
nikaibana, nusu ndani, nusu nje,
nikavuta.
La maua likaiachia kama mlevi anavyoachia siri.
La kijani likashika pande tatu,
penye bawaba likafungua mkono.
La laki mbili lilishika, sikatai.
Lilishika na bei yake pia.

"Dada, unanunua deli au unafunga ndoa?"
"Ndoa sikuikagua hivi," nikamjibu,
"ndiyo maana leo nakagua deli."

Pale mlangoni Chagamba, mfungaji mizigo,
alikuwa amekalia kitu cha bluu,
kimechubuka, mpini mmoja hakina.
Nikamwomba asimame.
Nikagonga: du.
Sauti fupi, iliyoshiba.
Nikabana noti, nikavuta, haikuja.
Nikavuta tena, pembe ikataka kuchanika,
nikaiacha mle mle.

"Hicho ni kiti," Nurdini akasema.
"Kiti bei gani?"
Tukaanzia hamsini, tukapumzika arobaini na mbili,
nikageuka kama naondoka,
tukafika thelathini na tano, na kamba juu yake.
Chagamba akabaki wima,
kama mtu aliyevuliwa cheo.

Usiku ule umeme ukakatika mtaa mzima.
Nilikuwa nimeshachukua barafu kwa Kidawa, mifuko minane,
nikaipanga, nikajaza nafasi kwa vitambaa,
maana hewa ni mgeni anayekula barafu.
Nikaibana tena noti ile mdomoni mwa deli,
nikalifunika koti, nikaliweka uvunguni.
Jumanne sikwenda kuuza.
Nikaketi kama mtu aliyewekewa mtihani,
kila saa mkono unakwenda kwenye kifuniko,
kila saa naurudisha.

Saa kumi na mbili jioni nikafungua.
Mifuko minane, migumu,
pembe zimelika kidogo, kama sabuni ya juzi.
Noti ikaanguka mapajani:
nusu ina joto la Mabibo,
nusu baridi, baridi kweli, Jirani njoo uone!

Tatu nikamtuma sukari.
Akaipokea noti, akaigeuza,
akaibandika shavuni kwa upande ule,
akafumba macho pale pale mlangoni,
na duka lilikuwa karibu kufungwa.